Nani Analipia Meza ya Mbele?

Ingia karibu duka lolote la vitabu mjini Meru, na kitu cha kwanza utakachokiona si kitabu. Ni madaftari yaliyopangwa kama matofali, kalamu kwenye makopo, kalkuleta ndani ya kabati la kioo, na chupa za maji za watoto zenye picha za katuni. Hatua mbili ndani ndipo unapata meza. Juu yake kuna vitabu kumi na viwili au kumi na vitano vimelazwa chali, majalada juu, vikikutazama. Vingi ni vya kutajirika, vya maombi, na vya Wamarekani wanaokufundisha kuamka saa kumi na moja alfajiri. Nyuma kabisa, karibu na ngazi, kuna rafu iliyoandikwa "Fasihi". Huko vitabu vimebanana bega kwa bega na vyote vimekupa mgongo.

Msomaji hudhani kwamba kilicholala mezani kimewekwa pale kwa sababu ni kizuri, au kwa sababu kinanunuliwa sana. Wakati mwingine ni kweli. Lakini ile meza ni kiwanja. Kuna anayekimiliki, kuna anayekikodi, na kuna anayekilipia bila hata kujua kwamba analipa. Mimi nilikuja kujua hesabu yake kwa kubeba maboksi.

Naishi Kinoru, si mbali na uwanja wa michezo, na kazi yangu ni kuwaandikia watu. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo kalamu ndiyo inanilipia chumba: wasifu wa marehemu, hotuba za harusi, maneno ya tovuti za mahoteli, barua za kuomba ufadhili. Mwaka 2024 mwalimu mkuu mstaafu wa mtaa wetu aliniita nimsaidie kuandika kumbukumbu zake. Miaka 34 darasani, shule saba, kutoka miteremko ya Imenti hadi kule joto linakoanzia, upande wa Isiolo. Tulifanya kazi miezi mitano kwenye veranda yake. Yeye alisimulia, mimi nikaandika, na mke wake akasahihisha majina na miaka kutoka jikoni. Kisha Mwalimu akachapisha nakala 300 Nairobi kwa pesa zake za uzeeni. Mapatano yetu yalikuwa hivi: nusu ya malipo yangu nikimaliza muswada, nusu nyingine vitabu vikianza kutembea.

Kwa hivyo mahali ambapo kitabu kingekaa dukani halikuwa jambo la fasihi kwangu. Lilikuwa jambo la kodi ya nyumba.

Duka la kwanza tulilokwenda sitalitaja. Mama mwenye duka alikigeuza kitabu, akasoma maneno ya nyuma, akauliza bei. Tulikuwa tumeweka shilingi 600. Akatueleza masharti kama mtu aliyekwisha kuyaeleza mara nyingi. Angechukua asilimia 35 ya bei. Hangenunua. Angepokea nakala kumi, na pesa ingekuja baada ya kuuza. Watu wa Pwani huita biashara ya namna hii mali kauli. Huku kwetu tunasema tu "tuachie". Vikikaa miezi sita bila kuguswa, tuje tuvichukue. Na kama tungependa vikae meza ya mbele badala ya rafu ya nyuma, basi kulikuwa na ada ya meza, 3,000 kwa mwezi. Hakunong'ona. Hata risiti alisema angetoa.

Mwalimu alinyamaza kidogo. Halafu akasema, kwa ile sauti ambayo nadhani ilitumika kuuliza nani amevunja dirisha:

"Mama, mimi nimewahi kukodi shamba. Nusu eka ya viazi. Nikikodi shamba, namlipa mwenye shamba, mavuno yanakuwa yangu. Au tukikubaliana nusu kwa nusu, halipwi kodi, tunangojea mvua pamoja. Sasa hapa nalipa kodi, mavuno tunagawana, mbegu ni yangu, na mvua ikikosa narudi nyumbani na magunia matupu. Hiyo ni shamba gani?"

Mama alicheka. Akasema, "Mwalimu, hata mimi nakodi hapa."

Tukaondoka na kuacha nakala kumi rafu ya nyuma. Jioni ile nilikaa na simu nikipiga hesabu. Kuchapisha nakala moja kulimgharimu Mwalimu shilingi 240. Duka likichukua asilimia 35 ya 600, yaani 210, anabakiwa na 390. Toa gharama ya kuchapisha, faida ni 150, na hapo sijahesabu nauli ya maboksi kutoka Nairobi. Gawa 3,000 kwa 150. Ni nakala 20. Yaani kila mwezi Mwalimu angehitaji kuuza vitabu 20 katika duka lile moja ndipo tu ailipie meza, na kitabu cha ishirini na moja ndicho kingemletea shilingi ya kwanza. Sijui mwandishi wa Meru anayeuza nakala 20 za kumbukumbu zake kila mwezi katika duka moja, labda awe amegombea ugavana.

Mwalimu alidhani ule ni ujanja wa mtu mmoja. Ni desturi ya zamani, na kwingine ina mafungu yake ya bajeti na mikataba yake. Marekani wachapishaji wamekuwa wakitenga pesa kwa ajili ya duka kulingana na kiasi ambacho duka hilo lilinunua kwao mwaka uliotangulia, asilimia fulani hivi. Pesa hiyo hulipia dirisha, meza ya mlangoni, ncha ya rafu, au jina la kitabu kwenye tangazo. Mara nyingi hata pesa yenyewe haishikwi na mkono wa mtu: hukatwa tu kwenye ankara. Aliyenunua vingi mwaka jana anapewa nyingi zaidi za kununulia nafasi mwaka huu, na kwa hivyo anaagiza vingi zaidi. Huko kuna sheria ya tangu 1936, Robinson-Patman, inayosema kwamba ukimpa mfanyabiashara mmoja pesa za kutangaza bidhaa yako, lazima wapinzani wake nao wapate nafasi ileile kwa uwiano. Mwaka 1994 chama cha wauza vitabu wa Marekani kiliwashtaki wachapishaji kadhaa wakubwa kikidai kwamba maduka makubwa yalikuwa yakipendelewa, na kesi hizo zikaishia kwenye maelewano. Wauza vitabu wadogo hawakuwa wakisema meza isilipiwe. Walikuwa wakisema: kama inalipiwa, na sisi tulipwe.

Uingereza mambo yalifika mbali zaidi. Waterstones, kampuni yenye maduka ya vitabu karibu kila mji mkubwa wa nchi ile, ilikuwa ikiuza kwa wachapishaji nafasi za dirishani, za meza za mbele na za ofa ya vitabu vitatu kwa bei ya viwili. Mwaka 2011, kampuni ikiwa katika hali mbaya, alikabidhiwa James Daunt, mtu aliyekuwa na maduka yake machache ya vitabu London. Jambo moja alilofanya lilionekana kama wazimu: aliikataa pesa ya wachapishaji. Kiasi kilichotajwa sana magazetini ni pauni milioni 27 kwa mwaka. Akawaambia wafanyakazi wa kila duka wajichagulie wenyewe cha kuweka mezani. Kampuni haikufa. Ilirudi kwenye faida, na vitabu vilivyokuwa vikirudishwa kwa wachapishaji bila kuuzwa vikapungua sana. Mwaka 2019 alipewa pia Barnes & Noble ya Marekani, akaenda na msimamo uleule.

Nilimsimulia Mwalimu habari hiyo. Akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na hao wafanyakazi wa duka, wanasoma?"

Nitarudi kwa swali hilo. Kwanza, nataka kumtetea mama mwenye duka, kwa sababu siku chache baadaye nilirudi kwake peke yangu na tukaongea vizuri, mimi nikiwa nimeegemea mabunda ya madaftari.

Aliniambia kwamba vitabu vya hadithi havijawahi kumlipia kodi hata mwezi mmoja. Kilichokuwa kikilipa ni shule. Baada ya elimu ya msingi bila malipo kuanza mwaka 2003, serikali ilituma pesa za vitabu shuleni, na walimu wakuu wakaja madukani na orodha ndefu. Januari ilikuwa mavuno. Kisha mwaka 2018 Wizara ya Elimu ikaanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji, nao wakawa wanavifikisha hadi shuleni. Nia ilikuwa kila mwanafunzi awe na kitabu chake na bei ishuke, na kwa mzazi hilo lilikuwa jambo jema. Kwa duka la vitabu la mji kama Meru au Embu, ilikuwa ni kama mto kugeuzwa njia. Kabla ya hapo, mwaka 2013, vitabu vilikuwa vimewekewa VAT ya asilimia 16. "Nilikuwa na wafanyakazi wanne," aliniambia. "Sasa ni mimi na huyu msichana."

Akaniuliza kama najua gudwili. Nikacheka. Nani asiyeijua? Ukitaka chumba cha biashara mahali penye watu wengi, kabla ya kulipa kodi unalipa gudwili, kwa mwenye jumba au kwa mpangaji anayetoka. Ni pesa ambayo hupati chochote mkononi kwa ajili yake. Unanunua miguu ya wapita njia. "Mimi nililipa gudwili ndiyo watu wapite mbele ya hii meza," alisema. "Sasa kijana wangu, mtu akitaka kitabu chake kionwe na watu wangu, kwa nini asinisaidie ile gudwili?"

Ni hoja nzito, na nikikataa kuiona nitakuwa mwongo. Nafasi inauza. Tarehe 1 Juni 2018, Madaraka Dei ilipoadhimishwa hapa Kinoru uwanjani, shangazi yangu alipeleka maji ya chupa na njugu. Alifika mapema akakaa karibu na lango. Kufikia saa nne alikuwa amemaliza. Rafiki yake aliyekaa mita mia mbili chini, mwenye maji yaleyale na bei ileile, alirudi nyumbani na katoni tatu. Maji hayakuwa na tofauti. Lango ndilo lilikuwa na tofauti.

Ila tazama tofauti nyingine. Shangazi hakumpa mwenye lango asilimia 35 ya kila chupa. Na aliyenunua maji hakudhani kwamba kukaa karibu na lango ni ushahidi kwamba maji yale ni matamu kuliko mengine. Kitabu si hivyo. Meza ya mbele inamwambia mtu kitu. Inamwambia: sisi tunaokaa na vitabu kutwa, tumekuchagulia hivi. Watu wengi wa mji wangu hununua labda kitabu kimoja au viwili kwa mwaka ambavyo si vya shule. Mtu wa namna hiyo hana muda wa kupekua rafu ya nyuma. Anaiamini meza. Ikiwa meza imenunuliwa na yeye hajaambiwa, basi ameshauriwa na mtu aliyelipwa ili ashauri. Gazeti likichapisha makala iliyolipiwa, huandika juu yake kwamba ni tangazo. Mezani hakuna anayeandika.

Hili la kulipia rafu tunalijua vizuri Kenya, tumezoea tu kuliona kwenye unga na mafuta. Wale vijana unaowaona kwenye supamaketi wamevaa fulana za sabuni fulani, wakipanga sabuni hiyo ikae usawa wa macho yako, wengi wao hawalipwi na supamaketi. Wanalipwa na mwenye sabuni. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliipiga faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 kampuni ya Majid Al Futtaim, inayoendesha Carrefour nchini, baada ya malalamiko ya wasambazaji wawili, mmoja wa asali na mwingine wa mafuta ya kupikia na sabuni. Miongoni mwa mambo ambayo Mamlaka iliagiza yaondolewe kwenye mikataba yalikuwa ada za kuingizwa kwenye orodha ya bidhaa na makato ambayo msambazaji alilazimika kuyarudisha kwa duka. Kampuni ilipinga uamuzi huo. Lakini mimi niliposoma habari ile niliwaza: muuza asali ana mahali pa kushtaki. Mwandishi mwenye nakala 300 atampeleka nani wapi, na kwa nauli gani?

Na kuna sehemu ya hesabu hii ambayo haitajwi kamwe, nayo ndiyo inayouma zaidi. Ni muda. Duka likikaa na vitabu vyako kwa mali kauli, wewe ndiye umelikopesha mtaji. Likiuza na kukaa na pesa yako miezi minne, umelikopesha tena. Januari 2018 Nakumatt ilipowekwa chini ya msimamizi, ilikuwa inadaiwa mabilioni na wasambazaji, watu waliokuwa wamejaza rafu zile kwa bidhaa zao wenyewe wakingojea kulipwa. Rafu zilizokuwa zikimeremeta zilikuwa zimejaa mali ya watu wengine. Duka dogo la vitabu ni hivyohivyo, kwa kiwango cha maelfu badala ya mabilioni. Ile asilimia 35 inaitwa punguzo, lakini kazi yake ni kulipia nafasi, taa, msichana wa kaunta na gudwili. Hiyo ndiyo kodi ya rafu. Ada ya meza ni kodi ya pili juu ya kiwanja kilekile, na kuchelewesha malipo ni ya tatu.

Mchapishaji mkubwa anaweza kuzilipa zote tatu. Tena yeye hulipa kwa namna isiyoumiza: wakala wake anakuja na gari, analeta kalenda, mabango, kabati la chuma lenye nembo ya kampuni, nakala kadhaa za bure. Kabati hilo likiingia dukani, nani atalitoa? Tayari nafasi imeshikwa. Halafu kuna meza kubwa kuliko zote, na hiyo haiko dukani. Iko Nairobi, kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Kitabu kikiingia kwenye orodha yake ya vitabu vilivyoidhinishwa, maarufu kama Orange Book, na zaidi kikiteuliwa kuwa cha fasihi kwa watahiniwa, hakihitaji meza ya mtu. Kwa miaka kadhaa ilikuwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei na Kigogo ya Pauline Kea; zikaja Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Vitabu hivyo unavipata hata kwa wale wauzaji wa barabarani, wale ambao Wanairobi wameyapa maduka yao jina la inama, kwa sababu lazima uiname ndipo uone jina la kitabu. Siwaonei wivu waandishi hao, wameandika vizuri. Nasema tu kwamba mwanafunzi hakuvichagua, na mwenye duka hakuvichagua. Viliwekwa mbele ya nchi nzima na kamati.

Basi vitabu vya Mwalimu vilienda wapi?

Ada ya meza hakulipa. Tulipeleka nakala katika maduka mawili mengine, moja hapa Meru na moja Chuka. La Chuka halikuuza hata moja. Lile la kwanza, la mama, nililipitia baada ya wiki tatu nikakuta jambo la ajabu: kule rafu ya nyuma, nakala moja ya Mwalimu ilikuwa imegeuzwa, jalada likitazama nje, ikiwa imewafunika wenzake watatu. Nilidhani ni Mwalimu mwenyewe amepita. Kumbe ni msichana wa kaunta. Alikuwa amekisoma saa za mchana ambazo hakuna wateja, akakuta shule aliyosomea mama yake, na mwaka ule ambao wanafunzi walivuka mto uliofurika wakiwa wameshikana mikono. Aliniambia kwamba kila wakala wa mchapishaji fulani akija, anavigeuza vya kampuni yake na kukirudisha cha Mwalimu kionyeshe mgongo. Akiondoka, yeye anakigeuza tena. "Ni vita," alisema, lakini alikuwa anacheka.

Aliuza nakala tisa kwa njia hiyo. Mteja akiuliza zawadi ya kumpelekea mzazi, anamfungulia ule ukurasa wa mto. Kisha Januari ikafika, madaftari yakamwagika kila mahali, na kwa wiki sita hakuna mtu aliyeiona rafu ya fasihi. Simlaumu yeyote. Januari ndiyo inalisha duka.

Kwa hivyo jibu la swali la Mwalimu ni ndiyo, wanasoma. Angalau huyu mmoja anasoma. Hana mamlaka juu ya meza, mshahara wake hauongezeki akiuza kitabu badala ya rimu ya karatasi, na hakuna aliyewahi kumuuliza ni kipi anadhani kiwe mbele. Nadhani Daunt alichofanya kwa kampuni yenye mamia ya maduka ni hicho tu: alimuuliza mtu wa kaunta. Najua pia kwamba mama wa Meru si Daunt. Hana tajiri nyuma yake wa kumvumilia mwaka mmoja wa majaribio. Simwambii akatae 3,000 wakati hana mwingine wa kumlipia stima.

Nakala nyingi ziliuzika kwingine. Mwenye duka la dawa huko Makutano, mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu, aliweka tano kando ya dawa za kikohozi, zikitazama mlango, na akataka shilingi 50 tu kwa kila moja. Kinyozi akachukua nne. Baada ya ibada Mwalimu alikuwa akisimama nje karibu na gari lake akiwa na boksi. Kwenye mikutano ya wanafunzi wa zamani walinunua hata wawiliwawili. Mwaka mmoja baadaye tulihesabu: maduka matatu ya vitabu kwa pamoja, nakala 41. Duka la dawa, kinyozi, kanisa na mikutano, 168. Zawadi, 30. Chini ya kitanda, 61.

Zile 41 zilistahili kumletea Mwalimu shilingi 15,990. Zilikuja kwa M-Pesa mara nne. Ya mwisho ilifika miezi saba baada ya kitabu cha mwisho kununuliwa, ikiwa na ujumbe: "Pole Mwalimu, biashara ilikuwa chini." Alinisomea ujumbe huo bila hasira. Alisema alipokuwa mwalimu mkuu aliwahi kuwaandikia wauza vitabu maneno hayohayo.

Nusu yangu ya pili niliipata, sehemu yake kubwa kutoka kwa lile boksi la kanisani.

Siamini kwamba meza ya kulipiwa itakwisha, na hata sina hakika kwamba inafaa ipigwe marufuku. Duka la vitabu likifungwa Meru, nafasi yake haichukuliwi na duka bora la vitabu. Inachukuliwa na duka la simu. Nairobi wapo wanaojaribu njia nyingine. Nuria, iliyoanzishwa na Abdullahi Bulle, imejulikana kwa kuwapokea waandishi wanaojichapishia ambao wengine huwafungia mlango. Huku kwetu ningeridhika na mambo madogo. Kibandiko mezani kinachosema nafasi hii imelipiwa. Rafu moja, hata ya futi mbili, ambayo haiuzwi kwa yeyote na inapangwa na mtu aliyesoma. Na pesa ya mwandishi ilipwe mwezi uleule kitabu kinapouzwa, maana mnunuzi alilipa siku ileile.

Mwezi uliopita mama mmoja kutoka Nkubu alinipigia simu. Ameandika mashairi, anataka nimharirie, na tayari anaulizia maduka. Nilimwambia akienda dukani aulize mambo matatu kabla ya kuacha hata nakala moja. Kwanza, asilimia yenu inalipia nini, na kuna ada nyingine juu yake? Pili, kikiuzwa leo, nitalipwa lini, na mtaniandikia? Tatu, hapa dukani, nani atakisoma?

Nilimsikia akiandika. Akauliza kama kuna la nne.

Nikamwambia lipo, ila hilo ni langu, na linahusu malipo ya mhariri.